Kadi Iwe ya Asasi, Si ya Kijana wa Kompyuta

Asasi nyingi ndogo za Tanzania na Kenya hulipa bili zake za mtandaoni kwa kadi ya mtu. Tovuti iko kwenye kadi ya kijana aliyejitolea mwaka juzi, Zoom iko kwenye kadi ya mkurugenzi, matangazo ya Facebook yanakatwa kwenye simu ya afisa mawasiliano, na kila mwisho wa mwezi wote watatu wako mlangoni kwa mhasibu wakidai fedha zao. Mambo huenda hivyo mpaka mmoja wao apate kazi kwingine. Siku hiyo ndipo ofisi inapogundua kwamba barua pepe zake zote zinaning'inia kwenye kadi ya mtu ambaye hapokei simu tena.

Dawa wanayopendekezewa siku hizi ni kadi ya kujaza: unaweka kiasi fulani, unalipia, zikiisha zimeisha. Wengine huenda mbali zaidi wakatumia namba ya kadi ya mara moja, ambayo hufa ikishakatwa. Dawa hiyo naiunga mkono, ila inatibu ugonjwa mmoja tu. Kadi ya kujaza huweka mpaka kwenye hasara, kwa kuwa mwizi akiipata namba hawezi kuchukua zaidi ya salio lililomo. Nani alilipa, alilipia nini na kwa idhini ya nani, hayo kadi haiyajui. Kazi hiyo inabaki kwenu, na ndiyo itakayochukua sehemu kubwa ya mwongozo huu.

Mnaichagua ipi

Ya kwanza ni kadi ya plastiki ya kujaza inayotolewa na benki. Ina nembo ya Visa au Mastercard na namba zake 16 kama kadi nyingine, lakini haikuunganishwa na akaunti yenu kuu. Ukienda tawini, uliza jambo moja kabla ya mengine yote: je, inatolewa kwa jina la taasisi, au kwa jina la mtu tu? Wakikuambia kwa jina la mtu, uliza tena kama benki inakubali barua ya bodi inayomtaja mtu huyo kuwa mshika kadi kwa niaba ya asasi, na kama asasi ikiandika barua nyingine inaweza kumwondoa. Pasipo jibu la pili, mtakuwa mmetoka kwenye kadi ya kijana mkaingia kwenye kadi nyingine ya kijana.

Ya pili ni kadi isiyoshikika, inayokaa ndani ya huduma ya fedha ya simu. Safaricom na Visa walizindua M-PESA GlobalPay nchini Kenya mwezi Juni 2022: mteja anapata namba ya kadi kwenye programu ya M-PESA au kwa menyu ya simu, na malipo hukatwa kwenye salio lake la kawaida. Mitandao ya Tanzania nayo imetoa kadi za namna hiyo. Ni rahisi kufungua, hakuna foleni ya benki, na kwa asasi iliyoko wilayani ndiyo njia iliyo karibu kuliko zote. Ubaya wake ni kwamba pochi ya simu ina mwenye laini mmoja na namba ya siri moja. Hili nitalirudia.

Ya tatu ni namba za kadi zinazotolewa na kampuni za fedha za mtandaoni, zikiwamo za matumizi ya mara moja. Wazo lenyewe si jipya, kwani American Express ililijaribu Marekani tangu mwaka 2000, na Revolut imekuwa ikizitoa Ulaya tangu 2018. Chama cha Watanzania au Wakenya kilichosajiliwa Uingereza huenda kikazipata. Huku kwetu zilizovuma zaidi ni kadi za dola za kampuni changa, na hapo inabidi nisimame kidogo, kwa sababu watu huangalia rangi ya programu na kusahau kuuliza nani yuko nyuma yake.

Kampuni unayoiona kwenye simu mara nyingi si mtoaji wa kadi. Inakodi huduma kwa kampuni nyingine iliyo na leseni ya Visa au Mastercard. Julai 2022, wateja wa Barter, programu ya Flutterwave, walijikuta kadi zao za dola hazifanyi kazi tena. Chanzo kilikuwa Union54, kampuni ya Zambia iliyokuwa ikitoa kadi kwa programu kadhaa za Afrika, ambayo ilisimamisha huduma baada ya kuandamwa na ulaghai wa madai ya kurudishiwa fedha. Miaka miwili kabla, Juni 2020, kampuni ya Ujerumani Wirecard ilipofilisika baada ya euro bilioni 1.9 kukosekana kwenye hesabu zake, mamlaka ya usimamizi wa fedha ya Uingereza, FCA, iliisimamisha kwa siku chache kampuni tanzu yake iliyotoa kadi huko, na watu waliokuwa wakipokea mishahara kwenye kadi za kujaza kama Pockit wakashindwa kununua hata chakula. Huenda wengi wao hawakuwahi kulisikia jina la Wirecard.

Kwa hiyo soma maandishi madogo nyuma ya kadi au mwishoni mwa masharti, pale panapoandikwa imetolewa na nani. Na hata ukiridhika, usiweke humo fedha za miezi sita. Salio la mwezi mmoja na akiba kidogo linatosha.

Kujaza si kutumia

Mhasibu yeyote aliyewahi kufanya kazi serikalini au kwenye mradi anayajua masurufu. Afisa anapewa fedha kabla ya safari, zinaandikwa juu ya jina lake, na akirudi anazirejesha kwa risiti na chenji. Kadi ya kujaza itendee hivyo hivyo. Siku mnapohamisha shilingi 500,000 kutoka benki kwenda kwenye kadi, asasi haijatumia hata senti moja. Fedha zimehama tu. Matumizi yanaanza siku kadi inapokatwa, na ushahidi wake ni ankara.

Kosa linalofanyika kila mahali ni kuandika zile 500,000 kuwa gharama za mtandao siku ileile ya kujaza. Mwisho wa mwaka kadi bado ina 180,000 ambazo haziko kwenye kitabu chochote, ilhali taarifa ya mfadhili inasema zimetumika zote. Mkaguzi akiziona, na ataziona, hataziita usahaulifu. Mhasibu mwaminifu kabisa atajikuta anajibu maswali ya wizi kwa sababu ya mstari mmoja ulioandikwa pasipo pake.

Fungua leja ya kila kadi, kama mnavyofanya kwa fedha taslimu za ofisini. Kila mwezi chukua salio la mwanzo, ongeza mlichojaza, toa yaliyolipwa, toa makato, kisha linganisha na salio analolionyesha mtoaji wa kadi. Makato yaandike peke yake: ada ya kujaza, ada ya mwezi, tofauti ya kubadili fedha, na kwa baadhi ya kadi hata ada ya muamala uliokataliwa. Mkiyachanganya na bei ya huduma hamtajua kamwe kadi yenyewe inawagharimu kiasi gani, na siku mkitaka kuihama hamtakuwa na hoja.

Hapa pana sharti ambalo ningeliweka kabla ya kufungua kadi yoyote. Jaribu kupakua taarifa ya miamala ya mwezi mzima, yenye tarehe, kiasi, jina la aliyelipwa na salio, katika faili linaloweza kuchapwa. Kama programu inakupa orodha ya kuviringisha kwa kidole tu, na njia pekee ya kuitoa ni kupiga picha kioo cha simu, iache. Itawafaa watu binafsi. Asasi inayokaguliwa itateseka nayo.

Kwenye faili, kila malipo ya kadi yawe na hati ya malipo kama malipo ya hundi: ombi la anayehitaji huduma, idhini, ankara, na uthibitisho wa kukatwa. Kampuni ya ng'ambo haitawapa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na aliyezoea kudai risiti ya EFD kwa kila kitu atakwama hapo. Ankara yake na mstari wake kwenye taarifa ya kadi ndivyo vitakavyosimama badala yake, ilimradi ankara ina jina la asasi. Ingieni kwenye mipangilio ya malipo ya kila huduma siku ya kwanza, mwandike jina kamili la asasi kama lilivyo kwenye cheti cha usajili, anwani, na namba ya mlipakodi pale inapoulizwa. Huduma nyingi haziwezi kusahihisha ankara zilizokwisha kutolewa, na ankara kumi na mbili zenye jina la utani la mtu aliyefungua akaunti hazitamfurahisha mkaguzi wala mfadhili.

Mkiwa na miradi miwili yenye wafadhili tofauti, kila mradi uwe na kadi yake. Kwa kadi zisizoshikika hili halina gharama kubwa, na linawaepusha na kazi ya kugawanya muamala mmoja kwa asilimia.

Saini mbili zinaishia mlangoni

Akaunti ya benki ya asasi huwa na watia saini wawili au watatu. Fedha zikishaingia kwenye kadi, ulinzi huo umekwisha: mwenye namba na simu analipa peke yake, saa yoyote, hata usiku wa Jumapili. Hakuna kadi ya bei nafuu itakayowarudishia saini mbili. Kwa hiyo ulinzi uhamishieni kwenye kujaza.

Utaratibu unaofanya kazi hata kwa asasi ya watu wanne ni huu. Mwanzoni mwa mwezi afisa anaandika orodha ya malipo yanayokuja, kila moja na kiasi chake. Watia saini wanaidhinisha orodha. Mweka hazina anajaza jumla ya orodha, pamoja na nyongeza kidogo kwa ajili ya kubadilika kwa bei ya dola. Afisa analipa. Mweka hazina halipi, afisa hajazi. Likitokea la dharura, linaandikiwa ombi lake na linajazwa peke yake. Pakitokea mtu anayesema utaratibu huu unachelewesha kazi, mwonyesheni kwamba orodha ya mwezi inaandikwa kwa nusu saa.

Kisha kuna laini ya simu, na hapa ndipo asasi nyingi hujikwaa baada ya kufanya yote mengine vizuri. Unapolipa mtandaoni, mara nyingi mtoaji wa kadi hutuma namba ya uthibitisho kwa ujumbe mfupi. Namba hiyo inakwenda kwenye laini iliyosajiliwa na kadi. Ikiwa laini ni ya mtu, kadi ni ya mtu, hata kama plastiki imechapwa jina la asasi. Tanzania laini husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), kwa hiyo usidhani utaihamisha kwa kumpa mwenzako kadi ndogo ya simu mkononi. Nendeni duka la mtandao wenu mkaulize utaratibu wa kusajili laini kwa jina la taasisi. Utaratibu huo unahitaji nyaraka za usajili wa asasi na mwakilishi aliyeteuliwa. Laini hiyo ikae kwenye simu ya bei rahisi, ndani ya droo inayofungwa, na itumike mara kwa mara, maana laini iliyolala muda mrefu hufungwa na namba yake kupewa mtu mwingine.

Barua pepe ni vilevile. Akaunti zote za huduma zifunguliwe kwa anwani ya ofisi ambayo watu wawili wanaisoma. Anwani ya mtu binafsi ina udhaifu uleule wa laini ya mtu binafsi.

Na namba ya kadi haipiti WhatsApp. Ile "Bosi, nirushie picha ya kadi nilipie fasta" ndiyo njia fupi ya kuacha namba 16, tarehe na namba ya usalama (CVV) kwenye simu nne na hifadhi zake za mtandaoni. Kwa kadi ya mara moja hatari ni ndogo. Kwa kadi ya kujaza inayotumika mwaka mzima, ni kubwa.

Kadi ipi kwa malipo yapi

Namba ya mara moja ina mahali pake: muuzaji msiyemjua, malipo ya mara moja, huduma ya majaribio inayodai kadi kabla ya kukufungulia. Ada ya kusajili mshiriki wa kongamano, picha ya kununua, ripoti ya kulipia, hayo yote yalipieni kwa namba itakayokufa. Mtandao wa muuzaji ukivunjwa mwakani, wezi watakuta namba isiyo na maana.

Msiipeleke kwenye kitu kinachojirudia, na hasa msiipeleke kwenye jina la tovuti. Jina la .com lisipolipiwa tarehe yake ikifika, msajili (kampuni iliyowauzia) huweza kuwapa hadi siku 45 za kulihuisha kwa bei ya kawaida, ingawa wengi huizima tovuti mapema katika muda huo, na wengine hawasubiri zote. Likifutwa, hufuata siku 30 za kulikomboa, kwa ada kubwa zaidi. Baadaye siku 5 ambazo hamna la kufanya, na jina linarudi sokoni. Wapo wanaokesha wakisubiri majina ya asasi zenye sifa, wayanunue na kuyajaza matangazo ya kamari. Barua pepe za onyo nazo huenda zilitumwa kwa yule kijana.

Mnaweza kulikwepa tatizo lote. Majina ya .or.tz na .or.ke huuzwa na mawakala wa hapa hapa wanaopokea fedha kwa simu au benki na kutoa risiti inayoeleweka, kadi haihitajiki. Mkishikilia .com, lipieni miaka kadhaa kwa mkupuo. Kikomo ni miaka 10. Angalizo moja kwa wanaotumia fedha za mradi: mfadhili anaweza kukataa gharama ya miaka inayovuka mwisho wa mradi, kwa hiyo miaka hiyo ilipieni kwa fedha za asasi yenyewe.

Kabla ya kulipia barua pepe za ofisi, programu za maandishi au za usanifu, ulizeni kwanza kama mnastahili kutolipa. Google, Microsoft na Canva zote zina mipango ya asasi zisizo za kiserikali, ya bure au ya punguzo kubwa. Nimeona asasi zikihangaika na kadi za dola kwa ajili ya huduma ambayo zingeipata kwa kupakia cheti cha usajili.

Huduma za kulipia kila mwezi zina mtego ambao wapenda kadi za kujaza hawapendi kuusikia. Wengi huamini kwamba kuacha kadi bila fedha ni kujitoa kwenye huduma. Sivyo. Mara nyingi mkataba unabaki, ankara inaendelea kutoka, na kwa huduma zinazodai baada ya matumizi deni linakua. Kukodi kompyuta za mtandaoni, kama zile za Amazon, hudaiwa mwisho wa mwezi kwa mlichotumia. Matangazo ya Facebook mara nyingi hukatwa yakifika kiwango fulani, kwa hiyo tangazo linaweza kuwa limekwisha kuonyeshwa kabla kadi haijaguswa; kadi ikikataa, akaunti ya matangazo inasimamishwa na deni linasubiri. Wekeni ukomo wa matumizi ndani ya huduma yenyewe, na mkitaka kuacha, bonyezeni kitufe cha kuacha, mhifadhi ujumbe wa uthibitisho.

Wala msitegemee CVV inayobadilika iwazuilie makato. Kanuni za usalama wa kadi humkataza mfanyabiashara kuhifadhi CVV baada ya muamala kuidhinishwa, kwa hiyo makato ya mwezi wa pili na wa tatu huombwa bila hiyo. CVV mpya kila mara inamzuia mwizi aliyeona namba zenu za zamani. Huduma mliyojiandikisha wenyewe itaendelea kugonga mlango.

Safari ni habari nyingine. Hoteli huomba kadi wakati wa kuingia na kuzuia kiasi cha tahadhari juu ya bei ya chumba. Kwenye kadi ya kujaza kiasi hicho ni fedha zenu halisi, zinazuiwa, na baada ya mgeni kuondoka zinaweza kuchukua siku kadhaa kuachiwa. Wakodishaji wa magari ni wakali zaidi, na wengi hukataa kadi za kujaza kabisa. Mashine zao huitambua aina ya kadi kwa tarakimu zake za mwanzo. Mashirika ya ndege nayo huweza kumtaka abiria aonyeshe kadi iliyolipia tiketi, jambo lisilowezekana kama ilikuwa namba ya mara moja iliyokwisha kufa. Kwa safari, lipeni kwa hamisho la benki kupitia wakala wa tiketi na muombe hoteli itoe ankara kwa ofisi. Ni njia ya kizamani na inafanya kazi.

Dola

Bei zimeandikwa kwa dola, salio lenu ni kwa shilingi, na katikati kuna mtu anayekula. Huduma ya dola 12 haitakatwa kwa bei ya dola mliyoisoma gazetini. Mtoaji wa kadi ana bei yake, na juu yake huenda pakawa na kodi ya ongezeko la thamani ambayo muuzaji wa ng'ambo anaitoza. Jazeni na ziada ya kutosha. Malipo yaliyokataliwa kwa kupungukiwa shilingi mia tatu ni usumbufu kama yaliyokataliwa kwa kukosa laki tatu. Baadhi ya wauzaji pia hujaribu kadi mpya kwa kuzuia kiasi kidogo kabla ya malipo yenyewe, na kadi yenye salio la sawasawa kabisa itashindwa hapo.

Mkiulizwa kwenye ukurasa wa malipo kama mnataka kulipa kwa shilingi au kwa dola, na kadi ni ya shilingi, kwa kawaida chagueni dola. Mkichagua shilingi, ubadilishaji unafanywa upande wa muuzaji kwa bei yake, ambayo ni nadra kuwa nzuri. Kwenye vitabu andikeni kiasi cha shilingi kilichokatwa, na pembeni kiasi cha dola cha ankara. Mfadhili akiuliza mlitumia kiwango gani cha ubadilishaji, jibu liko kwenye mstari mmoja.

Fedha zinaporudi

Muuzaji akikubali kurudisha fedha, anazirudisha kwenye namba ileile iliyolipa. Namba ya mara moja ikiwa imekufa lakini akaunti iliyo nyuma yake iko hai, mara nyingi fedha hupata njia. Akaunti yenyewe ikiwa imefungwa, mtaanza safari ya barua kati ya muuzaji anayesema amerudisha na mtoaji anayesema hajaona. Ndiyo maana kadi isifungwe siku ileile huduma inapoachwa. Ipeni miezi kadhaa, ikiwa na salio sifuri.

Pakitokea makato msiyoyatambua, pingeni kwa maandishi kwa mtoaji wa kadi mara moja. Katika kanuni za Visa na Mastercard madai mengi yana ukomo wa siku 120, lakini mtoaji wenu anaweza kuweka muda mfupi zaidi kwenye masharti yake, na asasi inayolinganisha hesabu mara moja kwa mwaka itakuwa imechelewa kwa vyovyote. Anzeni kwa kumwandikia muuzaji. Mengi huishia hapo. Msiligeuze dai la kupinga makato kuwa njia ya kuachana na huduma mliyoitumia kweli.

Kuna kadi moja ambayo asasi haina sababu ya kuinunua: kadi ya zawadi ya duka, yenye namba ya kukwangua. Ujumbe ukija kwa jina la mkurugenzi, ukisema yuko kikaoni na anataka kadi za zawadi zinunuliwe haraka na namba zake zitumwe, aliyeandika ni tapeli. Mpigieni mkurugenzi. Hakuna muuzaji halali wala ofisi ya serikali inayodai kulipwa kwa njia hiyo.

Daftari la kadi

Mambo yote haya yanahitaji daftari moja, la karatasi au la kompyuta, lisilo na siri ndani yake. Kwa kila kadi andikeni tarakimu nne za mwisho, mtoaji, tarehe ya kuisha, laini ya simu inayopokea uthibitisho, mshika kadi na aliyeidhinisha. Chini yake orodhesheni huduma zote zinazokatwa humo, bei yake, siku ya kukatwa na anwani ya barua pepe ya kuingilia. Namba kamili, CVV na namba za siri haziandikwi hapo.

Tarehe ya kuisha kadi ndiyo mtakayoisahau. Wekeni ukumbusho miezi miwili kabla, kadi mpya ikija mwingie kwenye kila huduma iliyoorodheshwa mbadilishe, na mweke alama mbele ya kila moja. Mshika kadi anapoondoka, makabidhiano yafanyike kwa daftari hilohilo kabla ya siku yake ya mwisho: simu ya ofisi mezani, barua pepe zimebadilishwa nywila, mtoaji ameandikiwa barua ya kumwondoa, salio limelinganishwa mbele yake na wote wawili wametia saini. Kama kadi ilikuwa kwenye laini yake binafsi, huduma zihamishwe moja moja kwenda kadi mpya angali yupo ofisini, kwa sababu kila moja itadai namba ya uthibitisho kutoka kwenye simu iliyo mfukoni mwake.